Mawe ya Sifuna

Mzee Sifuna alikuwa amemaliza siku sita tangu afariki, mkewe Milcah alipomwambia ashuke garini.

Ilikuwa hivi. Walikuwa wakimpeleka kwao Bungoma, jeneza limelazwa katikati ya basi na watu wa matanga wameketi pande zote mbili wakiimba. Kwa watu wa ukoo wao, marehemu anaposafirishwa haachwi hivi hivi apotee njiani. Mtu wake wa karibu huketi upande wa kichwa na kumsimulia safari: sasa tunavuka mto huu, sasa tunapita mji ule, njoo, usituache. Kazi hiyo alipewa Milcah, mjane mwenyewe, na tangu Nairobi aliifanya vizuri. Alimwambia, hii ni Kangemi. Hii Kinoo. Hapa Rironi tunakata kushoto. Kisha basi likaanza kuteremka. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa mzito hata madirisha yakawa meupe kama yamepakwa chokaa. Utingo akageuka akasema, "Tumefika mteremko wa Mai Mahiu, wazazi wangu. Tuombe."

Milcah alilisikia neno mteremko. Akainama mpaka mdomo ukagusa mbao, akanong'ona, "Hapa unapajua mwenyewe. Kama mtu wako yuko hapa, shuka."

Hakuna aliyemsikia, wimbo ulikuwa juu. Basi likateremka kwa gia nzito, na mjane hakusema neno lingine mpaka walipopita Nakuru.

Sifuna aliendesha lori la Tarsem Singh miaka ishirini na miwili, akipeleka mabati na saruji hadi Malaba na kurudi. Madereva wenzake walikuwa wakifika nyumbani, wanaoga, wanakula, wanamaliza kusikiliza habari redioni, ndipo yeye anabisha hodi. Kila Milcah alipomuuliza alikuwa wapi, jibu lilikuwa lile lile: "Nilikuwa natoa mawe barabarani."

Jibu gani hilo? Barabara si ina serikali yake? Na viganja vyake, kwenye mistari, vilikuwa na vumbi jeupe laini kama unga wa ngano. Milcah alifua mashati ya mumewe, akayanusa, akawaza, na mwisho akakata shauri: huko mteremkoni kuna mwanamke, mwanamke huyo anapika chapati, na Sifuna anamsaidia kusukuma. Hakumgombeza hata siku moja. Aliuza sukuma wiki zake katika soko la Kangemi, akalea watoto, akamfunikia mumewe chakula kila jioni aliyotarajiwa kurudi, na habari ile akaifunga moyoni kama sarafu kwenye ncha ya leso.

Sasa miezi mitatu ilikuwa imepita tangu mazishi. Milcah alikuwa akiishi kwa bintiye Everlyn huko Mountain View, na siku moja shemeji yake Wesonga akapiga simu kutoka nyumbani Bungoma.

"Shemeji, mzee yuko kimya sana," Wesonga alisema. "Baba alipokufa alinijia ndotoni wiki ya kwanza, anaulizia ng'ombe. Mama naye akaja, anaulizia kuku. Lakini huyu ndugu yangu hajamjia mtu yeyote. Nimeuliza mpaka watoto. Kwani mlimfikisha kweli?"

Wesonga alicheka, akaendelea na habari za mvua. Milcah hakuzisikia. Alikuwa ameketi kitandani, miguu yake mifupi ikining'inia bila kugusa sakafu, akijua kitu ambacho hakuna mwingine duniani alikijua: kwamba yeye ndiye aliyemwacha mzee njiani.

*

Jumatano hiyo alikwenda mjini. Tarsem Singh alikuwa ameuza malori yake mwaka wa pili sasa, lakini alibaki na kiduka cha vipuri Kirinyaga Road, mahali ambapo nyundo zinaanza kugonga kabla jua halijachomoza na mtu akitaka kusalimiana lazima apige kelele. Alimkuta ameketi nyuma ya kaunta, kilemba cheupe, ndevu nyeupe, miwani imeshuka puani.

"Mama Everlyn!" Tarsem alisimama, ingawa magoti yake hayakupenda. "Navneet, leta chai! Leta na ile kiti ndogo!"

Navneet, mke wa mwanawe, alileta chai yenye iliki, kisha akaleta kistuli kifupi na kukiweka chini ya miguu ya Milcah. Milcah aliliona hilo. Aliona pia kwamba Navneet alirudi nyuma na kufunga mlango wa stoo ili wazee wazungumze.

"Bwana Tarsem, nimekuja na swali la aibu."

"Mama, hapa tunauza bushi na grisi. Aibu hatuuzi, uliza tu."

"Sifuna alikuwa na mwanamke pale mteremkoni?"

Tarsem alivua miwani. Aliisafisha kwa ncha ya shati kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nilidhani analala," alisema. "Lori ya wengine inafika saa nane, ya Sifuna saa kumi. Namuuliza, Sifuna, masaa mbili imeenda wapi? Anasema, mdosi, natoa mawe barabarani. Nikamwambia, mimi niliandika dereva, sikuandika fundi wa mawe. Nilimpigia kelele miaka mingi, Mama. Lakini dereva mwingine kama yeye sijapata. Kwa hiyo nikaacha alale."

"Kwa hiyo hata wewe hukumwamini."

"Hata mimi."

Ndipo Milcah akamweleza habari ya jeneza na ukungu na lile neno alilonong'ona. Alieleza akitazama kikombe. Alitarajia mzee acheke, au amwambie hayo ni mambo ya zamani, kama alivyosema Everlyn aliposikia habari za simu ya Wesonga. Tarsem hakucheka. Nje mtu aligonga chuma mara kumi, akanyamaza.

"Mtu akiachwa njiani," Tarsem alisema, "anaendewa. Jumamosi nitakupitia saa mbili."

"Wewe ndiye utaendesha? Na macho je?"

"Macho iko sawa. Ni magoti tu imeanza siasa."

*

Jumamosi Everlyn aliwasindikiza mpaka getini, mikono kiunoni.

"Mama, kweli unakwenda kumwita baba barabarani? Na watu wa kanisani wakisikia?"

"Wakisikia watakuwa wamesikia."

"Na wewe Mzee Tarsem, umri wako huu!"

"Umri yangu inakaa nyuma, binti. Mbele iko nafasi ya watu wawili tu."

Pikapu yake ilikuwa nzee, rangi ya samawati, imeoshwa ikang'aa. Tarsem alikuwa amebeba kreti la soda; aliligeuza na kuliweka chini ya mlango ili Milcah apande bila kuinuliwa. Kwenye kiti kulikuwa na mto. Alipoketi yeye mwenyewe aligusa usukani, akagusa paji la uso, kisha akawasha gari.

Asubuhi ilikuwa safi, ile ya baada ya mvua. Milcah alikuwa ameipita barabara hii mara nyingi mno, lakini karibu mara zote ilikuwa gizani, kwa mabasi ya usiku, na watoto wamemlalia mapajani. Hakujua kwamba ukivuka Uthiru nchi huanza kuinuka polepole kama mkate. Hakujua kwamba kuna miti mikubwa namna ile. Pale Kinoo, Tarsem aliegesha kando ya mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, akasema, "Hapa Sifuna alikuwa anasimama lazima. Hii nilikuwa najua, sababu kiti ya lori ilikuwa inajaa magunzi."

Mama wa mahindi aliinama kuwatazama kupitia dirishani. Mkono wake ulikuwa umeshachukua hindi moja lililoiva sana. Akaliona tabasamu la Milcah, meno machache yaliyobaki, akalirudisha na kuchagua changa. Alilifunga kwa ganda lake lisimchome mtu mkono. Milcah alilishika lile hindi mpaka Gitaru kabla ya kuanza kulila, maana alikuwa bado anawaza: hata huyu hanijui, na ameniangalia vizuri hivi. Mimi nilimwangalia vipi mtu niliyemjua miaka arobaini na mitano?

Rironi wakakata kushoto. Hewa ikabadilika, ikawa baridi na yenye harufu ya misonobari. Tarsem akapunguza mwendo.

"Sasa inaanza kuteremka, Mama."

Milcah alifumba macho. Aliogopa bonde, kwa sababu alikuwa amesikia watu wakisema ukiangalia chini moyo unasimama. Lakini zaidi ya bonde alimwogopa Sifuna. Je, akimkuta amesimama pale kando ya barabara na kofia yake ya sufi, atamwambia nini? Mwaka gani huo, zamani, alimuuliza: "Huko mteremkoni kuna nini?" Naye, akivua viatu, akajibu, "Ni bonde tu. Shimo kubwa." Maneno ya Sifuna hayakuwahi kuwa mengi.

Gari liliyumba kwenye kona moja, mbili, kisha likaacha lami na kusimama. Kreti likawekwa. Milcah akashuka, akafumbua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni mwanamke aliyekuwa akisukuma chapati.

Vibanda vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, mgongo kwenye bonde, vimejaa ngozi za kondoo, kofia, na twiga wa mbao. Katikati palikuwa na kimoja chenye jiko na paa la bati, na ndani yake mama mnene wa miaka hamsini na kitu, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni.

Milcah alisimama wima. Huyu hapa, alijisemea. Mungu wangu, kumbe yupo kweli.

"Karibu mama, chai iko, chapati ni za sasa hivi!"

"Wewe ni nani?" Milcah aliuliza. Swali lilitoka bila adabu yoyote.

"Mimi? Annah." Mwanamke alimtazama juu hadi chini, halafu akamtazama Tarsem. "Kwani nyinyi ni wa ushuru wa kaunti? Mbona mmezeeka hivyo?"

"Uliwahi kumjua dereva mmoja, Sifuna?"

Annah aliweka chini kifimbo cha kusukumia. "Sifuna wa mawe? Mrefu, mpole, lori la bluu? Huyo mzee amekwenda wapi? Mwaka wa pili huu hatujamwona."

"Amefariki. Mimi ndiye mke wake."

"Uuuwi!" Annah alitoka kibandani mbio. Alinyoosha mkono, akaona unga, akaukunja na badala yake akampa Milcah kiwiko ashike, asije akamchafua. "Pole, mama. Pole sana. Kitonga! Kitonga weee! Acha hizo kofia uje! Mke wa mzee wa mawe amekuja!"

Mwanamume akatokea kwenye kibanda cha pili akiwa na kofia ya ngozi ya kondoo kichwani, moja zaidi mkononi. Aliposikia habari aliivua ile ya kichwani.

"Shosho, pole. Tulikuwa tunajiuliza kila siku. Tukasema labda amestaafu."

"Alikuwa anakula chapati hapa?" Milcah alimuuliza Annah. Hakuweza kujizuia, alikuwa amelibeba swali hilo miaka mingi mno.

"Wapi! Hata moja! Nikimpa ananiambia, Annah, zako ni laini sana. Mimi nimezoea za nyumbani, zile za kupigana nazo."

Tarsem aliangua kicheko mpaka akajishika kwenye nguzo. Milcah naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, na hakuyafuta kwa sababu hakujua ni ya upande gani.

"Na hayo mawe," Tarsem aliuliza, "ni mawe gani? Mimi ndiye nilikuwa mdosi yake. Nataka kujua."

Kitonga alinyoosha kidole kuelekea kona ya juu. "Mdosi, unajua mlima huu. Lori likishindwa kupanda, utingo anaruka, anaweka mawe nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma. Sawa. Wakitengeneza wanaondoka. Mawe je? Wanayaacha pale pale, katikati ya barabara. Anayekuja nyuma, kwenye ukungu, anayagonga. Tumeokota watu hapa, mdosi. Tumeokota familia. Sasa huyu mzee, kila safari, akiona jiwe anasimamisha lori, anawasha taa, anashuka. Moja moja. Yale makubwa ananiita tunasukuma pamoja. Nikamwambia, mzee, si tuyatupe tu bondeni? Akasema, chini kuna watu pia."

Upepo ulipita katikati ya ngozi za kondoo.

"Kwa hiyo alikuwa anayaweka wapi?" Milcah aliuliza kwa sauti ndogo.

Annah na Kitonga walitazamana.

"Hakukuambia habari ya kiti?"

*

Walimwongoza kupitia upenyo kati ya vibanda, Annah mbele, Tarsem nyuma akichechemea. Wakatokea upande wa pili. Na Milcah, aliyekuwa akiangalia chini asijikwae, aliinua uso.

Nchi ilikuwa imekatika pale pale mbele ya miguu yake, na chini, mbali mno, ilianza nchi nyingine kabisa. Ilikuwa ya rangi ya simba, na hapo ikawa ya kijani, na mbali zaidi bluu, ikaendelea mpaka ikakosa rangi ikawa anga. Mlima Longonot ulisimama peke yake na mdomo wake umepasuka, na bado bonde lilikuwa limebakiza nafasi ya milima mingine kumi kama huo. Vivuli vya mawingu vilitembea huko chini taratibu, kila kimoja kikubwa kuliko Kangemi nzima. Mabati ya Mai Mahiu yalimetameta kama vifuniko vya chupa vilivyomwagika. Ndege mkubwa alikuwa akizunguka, na Milcah alimwona mgongo. Katika maisha yake yote hakuwahi kumtazama kutoka juu ndege anayeruka.

"Sifuna," alisema, "ati shimo?"

"Kaa chini, shosho," Kitonga alisema. "Kaa kwenye kiti chako."

Kilikuwa ukingoni, kimeegemea mwamba: kiti kirefu cha watu wanne, cha mawe matupu, bila saruji hata kidogo. Mawe yalikuwa ya kila aina. Meusi, mekundu, ya kijivu, mengine yenye alama za mpira wa gurudumu, na mengi yakiwa yale laini meupe ya mteremko huu, yanayoacha vumbi ukiyagusa. Kila moja lilikuwa limekaa kwenye mwenzake kana kwamba yalizaliwa pamoja. Kijana na msichana waliokuwa wamekaa pale wakipiga picha waliinuka bila kuambiwa wakampisha bibi. Pimbi wawili waliokuwa wakiota jua kwenye mwamba hawakujali.

"Watu wanatoka mbali kukalia hiki," Annah alisema. "Wazungu, maharusi. Wanapita vibanda vyote wanauliza, kiti kiko wapi?"

Milcah aliketi. Na nyayo zake mbili zikatua ardhini.

Alizitazama. Zilikuwa zimelala chini zote mbili, kisigino na vidole, kama nyayo za watu wengine. Kanisani zilining'inia. Kwa Everlyn zilining'inia, hata hospitalini, siku ile ya mwisho, kwenye benchi la korido, zilining'inia.

"Kiko chini sana hiki kiti," Tarsem alisema. Alikuwa amejaribu kuketi na magoti yamempanda karibu na kidevu.

"Tulimwambia hivyo hivyo!" Kitonga alicheka. "Mzee, mbona kifupi? Akapima kwa mkono hapa chini ya goti lake, akasema, atakayekikalia ana miguu mifupi. Nikamwambia, basi mlete. Akasema, siku moja. Alisema, nikimwambia hataamini, lazima aone mwenyewe."

Milcah alipitisha kiganja juu ya jiwe lililokuwa kando yake. Kilirudi cheupe. Ulikuwa ule ule unga wa viganja vya Sifuna.

Walimwacha peke yake bila yeye kuomba. Annah alisema chai inachemka, Kitonga akasema anaona mteja, na Tarsem akaenda kuzungumza na wale pimbi kwa Kipunjabi. Milcah alikaa. Hakujua mtu huanzaje. Katika basi alikuwa akiyasema majina ya miji kwa haraka, kama mtu anayesoma orodha. Sasa alianza polepole, kwa lugha ya kwao.

"Baba Everlyn. Neno nililokuambia siku ile nimelirudisha. Nililitoa kwa sababu ya ujinga na wivu wa miaka mingi, na wewe ulikuwa huna mdomo wa kunijibu. Nimekiona kiti. Nimekikalia. Miguu imefika chini."

Alipangusa uso kwa ncha ya leso.

"Sasa simama twende. Chini hapo ni Mai Mahiu, unapoona mabati. Ukitoka hapo Longonot itakuwa mkono wa kushoto, halafu Naivasha. Gilgil, pale ulisema punda milia hutazama malori. Nakuru. Unapanda, unapanda mpaka baridi ya Timboroa, pale ulininunulia blanketi. Unashuka Eldoret. Turbo. Webuye, maji yakinguruma. Vuka Nzoia. Wesonga atakuwa nje, anakungoja. Nenda. Usisimame tena kwa sababu yangu."

Ilimshangaza kwamba alizijua zote. Ni nadra aliziona hizo sehemu kwa mwanga wa jua, na hata hivyo zilikuwa zimepangana kichwani mwake moja baada ya nyingine. Mtu wa maneno machache alikuwa amemwekea barabara nzima ndani yake, neno moja moja, akivua viatu.

Kivuli cha wingu kikubwa kiliondoka chini ya mteremko, kikaanza kuvuka bonde kuelekea magharibi. Milcah alikitazama mpaka kikapita Longonot.

*

Baada ya chai Tarsem aliomba kitu kimoja. Kuna kanisa dogo chini kidogo kando ya barabara, lililojengwa wakati wa vita na wafungwa wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hii. "Sifuna alikuwa ananiambia kila mara, mdosi, shuka uone. Sijashuka hata siku moja. Leo nataka kumtii."

Lilikuwa dogo hata Milcah akadhani ni mnara wa maji. Ndani hapakutosha hata nusu ya kwaya ya kanisani kwake. Walisimama humo wawili, mzee wa kilemba na bibi wa leso, na baridi ya mawe ikawashika mikono.

"Watu wamefungwa, wako mbali na kwao," Tarsem alisema, "na bado wanajenga kitu kwa ajili ya mtu anayepita." Kisha akaongeza, akitazama mlango, "Nilimpigia kelele sana, Mama."

"Atakuwa amesahau," Milcah alisema. "Yeye kelele hakuwa akizisikia. Mimi ninajua."

Walianza kupanda kurudi saa kumi. Kwenye kona ya tatu, ukungu ulikuwa umeanza kuingia kutoka juu, na mbele ya pikapu, katikati kabisa ya njia yao, Milcah aliona mawe manne. Doa la mafuta lilikuwa bado bichi. Lori lilikuwa limekwama pale, likatengenezwa, likaondoka.

Tarsem aliyakwepa taratibu.

"Simama," Milcah alisema.

"Mama, hapa ni hatari."

"Ndiyo sababu. Simama."

Alisimama mahali palipo na nafasi, akawasha taa zote. Milcah hakungoja kreti. Tarsem alitoa kitambaa chekundu chini ya kiti, akachechemea hadi kwenye kona, akaanza kukipunga juu ya kilemba chake, na kwa sauti ile aliyowapigia madereva miaka arobaini akawaambia malori: "Pole pole! Pole pole, wee! Mama iko kazini!"

Lori la kwanza lilisimama. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Babu, niaje? Kuna nini?"

"Tunatoa mawe!"

Jiwe la kwanza Milcah alilibeba. La pili alilisukuma kwa mikono yote miwili, ameinama, leso imemteleza kichwani, likabingirika hatua kwa hatua mpaka nje ya lami. La tatu lilikuwa zito mno. Yule dereva alishuka bila kuitwa, akalichukua, akalibeba na la nne pia. Alipomaliza alijipangusa mikono kwenye suruali na kumpa Milcah mkono kama watu waliomaliza kazi pamoja.

Yote manne waliyatia nyuma ya pikapu, wakayapeleka kwa Kitonga. Kitonga aliyapokea, akayazungusha, akasema lile jeusi litafaa pale mwisho ambapo pimbi wamechimba. Annah naye akawapikia chai nyingine, na muda ukaenda.

Walifika Mountain View taa za barabarani zikiwa zimeshawaka. Everlyn alikuwa getini, leso mabegani, simu mkononi.

"Mama! Nimepiga simu mara ngapi? Mlikuwa wapi mpaka saa hizi?"

Milcah alishuka kwenye kreti akiwa amechoka kila kiungo, na amejaa kitu ambacho hakuwa na haja ya kukipa jina.

"Tulikuwa tunatoa mawe barabarani," alisema.

Everlyn alimtazama. Halafu akamtazama Tarsem, ambaye alikuwa akichunguza tairi kwa makini sana. Mwisho akashika mikono ya mama yake, akaigeuza chini ya taa, akaona vumbi jeupe lililojaa katika mistari ya viganja.

"Mawe," alisema Everlyn polepole. "Na huu unga je? Mama, mlikuwa kwa nani mkipika chapati?"